Baba aliugua moyo akiwa na miaka mingapi?

Kliniki ya moyo humuuliza kila mgonjwa mpya kama kuna aliyewahi kuugua moyo katika familia yao. Wengi hujibu "ndiyo, baba," kisha wakanyamaza. Kwetu sisi madaktari jibu hilo ni nusu tu. Shambulio la moyo lililompata mzee wa miaka 80 halituelezi mengi kuhusu wanawe. Ila baba au kaka akiugua kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, hatari ya ndugu zao wa damu huwa kubwa zaidi.

Kama ilivyo kwa familia uliyozaliwa, umri na jinsia navyo havibadiliki. Hatari hupanda kwa wanaume kuanzia miaka 45 hivi, na kwa wanawake kama miaka kumi baadaye, hedhi ikishakoma. Kuchelewa huko kumewaponza wanawake wengi kwa kudhani moyo ni ugonjwa wa wanaume, ilhali ndio unaoongoza kuwaua wao pia duniani. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, au aliyepandwa na presha akiwa mjamzito, amweleze daktari hata kama miaka mingi imepita.

Kuna familia ambazo lehemu mbaya, yaani kolesteroli inayoziba mishipa, huwa juu tangu mtoto anapozaliwa, kwa sababu ini halimudu kuiondoa kwenye damu. Kasoro hii hurithiwa: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipata. Mtu anaweza kuwa mwembamba, mwanamichezo, asiyevuta sigara, na bado mishipa ya moyo wake ikaanza kuziba angali kijana. Inaniuma sana kuona mtu kama huyu akilaumiwa kwa ulaji wake. Chakula bora humsaidia, lakini hakitoshi. Anahitaji dawa, na akizianza mapema humkinga vizuri.

Waulize wazee wenu wangali hai: fulani aliyefariki ghafla alikuwa na umri gani, na alilalamikia nini? Ukisikia habari za kuugua mapema, usisubiri kifua kikuume. Kapime lehemu, presha na sukari, hata kama una miaka 25. Na kama aliyeugua mapema ni wewe, waambie ndugu zako. Watoto wako nao wapimwe. Kwa lehemu ya kurithi, kipimo cha damu kinaweza kuigundua kabla mtoto hajafika miaka 10.