Uponyaji wa Hippo: kwa nini Augustino alitaka uandikwe

Mabaki ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza, yaligunduliwa karibu na Yerusalemu mwaka 415. Miaka kumi hivi baadaye sehemu yake ilifika Hippo, mji ambao leo ni Annaba, Aljeria, yakajengewa kikanisa. Askofu wa hapo, Augustino, takribani mwaka 390 alikuwa ameandika kwamba miujiza ya enzi za mitume haikuruhusiwa kuendelea hadi siku zake. Uzeeni aligeuka. Akataka kila aliyepona kimuujiza atoe maelezo kwa maandishi, yasomwe mbele ya waumini.

Kilichomuudhi ni ukimya. Innocentia, mwanamke mcha Mungu wa Carthage, alikuwa na saratani ya titi, na daktari alimwambia, kwa kufuata Hippokrate, tabibu wa kale wa Ugiriki, kwamba ni afadhali asitibiwe. Aliota kwamba mwanamke wa kwanza kutoka kubatizwa amwekee ishara ya msalaba. Akafanya hivyo, akapona. Augustino aliposikia kwamba habari hiyo haikuwa imeenea, alimkaripia.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Paulo na Palladia, ndugu wawili kati ya kumi kutoka Kaisaria ya Kapadokia, katika Uturuki ya leo. Mama yao mjane, waliyemkosea, aliwalaani, na wote wakashikwa na tetemeko la viungo. Laana ya mzazi si jambo geni kwetu, kwa hiyo msomaji ataelewa kwa nini walihama kwa aibu. Asubuhi ya Pasaka Paulo alianguka akiwa ameshika uzio wa kikanisa, akalala kama usingizini, akainuka hatetemeki tena. Siku mbili baadaye maelezo yake yalisomwa kanisani huku wawili hao wamesimama mbele ya watu, kaka ametulia, dada bado anatetemeka. Augustino akiwa katikati ya mahubiri, kelele zikasikika: Palladia naye amepona.

Katika muda usiofika miaka miwili, maelezo ya Hippo yalikaribia 70, na Augustino anasema wengi waliopona hawakuandikisha. Mwanahistoria hana namna ya kuwapima wagonjwa wale. Anachoweza kusoma ni magonjwa waliyoyaogopa, madaktari waliowaendea kwanza, na jinsi askofu alivyosimamia ushuhuda. Waliorudi makwao wangali wagonjwa hawakuwa na karatasi ya kusomewa.