Selimundu: Kwa Nini Mtoto Anywe Dawa Wakati Haumwi?

"Daktari, mtoto anacheza, anakula, haumwi. Hii peniselini ya kila siku ni ya nini?" Wazazi huliuliza swali hili mara kwa mara kwenye kliniki za selimundu, na wana haki ya kuliuliza. Mzazi asiyepata jibu la kueleweka huacha dawa kimyakimya. Nchini Tanzania, ambako inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, ukimya huo unagharimu maisha. Jibu lenyewe limo ndani ya seli ya damu.

Seli nyekundu ya kawaida ni laini, ya mviringo, na imebonyea pande zote mbili. Haina kiini, imejaa himoglobini, protini inayochukua oksijeni kwenye mapafu na kuisambaza mwilini. Ulaini huo ndio unaoiwezesha kujikunja na kupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Huishi siku 120 hivi, kisha uloto wa mifupa hutoa nyingine.

Kwa mwenye selimundu, kinasaba cha himoglobini kina badiliko moja. Katika mnyororo wenye asidi amino 146, yaani vipande vinavyojenga protini, ile ya sita ambayo ilipaswa kuwa glutamiki inakuwa valini. Mwanasayansi Vernon Ingram alilionyesha hilo mwaka 1957. Badiliko hilo moja linatosha: himoglobini ya aina hii ikishaachia oksijeni hunata na nyingine, zikaungana kuwa nyuzi ngumu zinazoisukuma seli kutoka ndani hadi ikapinda kama mundu. Oksijeni ikirudi seli hunyooka, ila ikishapinda na kunyooka mara nyingi utando wake huharibika, ikabaki imepinda moja kwa moja. Seli hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu ya damu kupungua na macho kuwa ya njano, na ndiyo sababu mtoto hupewa foliki asidi, vitamini ya kutengenezea damu, maana uloto wake unafanya kazi bila kupumzika.

Seli iliyopinda hunasa mishipani. Sehemu iliyo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni, na hapo yanaanza yale maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo ambayo aliyeyashuhudia hayasahau. Kwa watoto wadogo dalili ya kwanza mara nyingi ni viganja na nyayo kuvimba. Mshipa ukiziba kwenye ubongo, mtoto hupata kiharusi.

Sasa turudi kwenye peniselini. Bandama huchuja damu na kukamata vimelea vinavyozunguka humo, hasa bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo aitwaye numokokasi. Damu hupita ndani yake polepole, penye oksijeni kidogo, mazingira yaleyale yanayozipinda seli. Kwa hiyo bandama huanza kuharibika mapema mno, kwa watoto wengi kabla hawajafika miaka mitano, na mara nyingi bila maumivu yoyote. Mtoto anayecheza uani akiwa na afya njema huenda tayari hana kinga hiyo, na bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kumuua kwa saa chache. Peniselini ya asubuhi na jioni, kuanzia umri wa miezi miwili hivi hadi angalau miaka mitano, pamoja na chanjo, ndiyo inayoziba pengo hilo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto huyu ni dharura. Usisubiri kukuche, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Hata ushauri wa kunywa maji mengi unaanzia kwenye seli. Seli ikipoteza maji, himoglobini husongamana na nyuzi hujiunda haraka zaidi. Baridi nayo hubana mishipa, hivyo sweta ya asubuhi ni sehemu ya matibabu.

Watoto hawa kwa kawaida hawaonyeshi dalili miezi michache ya mwanzo, kwa kuwa bado wana himoglobini waliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haijiungi na zile nyuzi. Dawa iitwayo haidroksiurea huuchochea mwili kuendelea kuitengeneza. Wazazi wengine hushtuka wakisikia kwamba ni dawa ya saratani. Ni kweli hutumika huko pia, na ndiyo maana tunapima damu mara kwa mara kuhakikisha uloto haulemewi. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watoto zaidi ya 600 wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, waliotumia dawa hii walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na hata vifo. Kwa maoni yangu, hakuna dawa tunayoitumia kidogo kuliko inavyostahili kama hii.

Kuponya kabisa kunahitaji kubadilisha kiwanda chenyewe, hasa kwa kupandikiza uloto wa mtu mwingine, mara nyingi ndugu wa damu anayelingana na mgonjwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inatoa huduma hiyo.

Jambo moja linaniumiza: akina mama kulaumiwa, hata kuachwa, kwa kuzaa mtoto mwenye selimundu. Mtoto hupata ugonjwa huu akirithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mwenye kinasaba kimoja, yaani AS, kwa kawaida haumwi, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa utafiti wake Afrika Mashariki. Ndiyo maana hali hii imeenea sana penye malaria, ikiwemo Kanda ya Ziwa. Lakini kinga hiyo haimlindi mwenye selimundu. Kwake malaria ni hatari zaidi, na chandarua hakina mbadala. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa, hata kama waliotangulia wote ni wazima. Kipimo cha damu cha kujua aina ya himoglobini hufanyika mara moja tu maishani, na wachumba wanaweza kukifanya kabla ya ndoa.