Mizani haijui ulichokunywa

Asubuhi moja nilipanda mizani, nikashuka, nikavua saa, nikapanda tena. Nikaenda chooni, nikarudi mara ya tatu. Namba ilikuwa imepungua kidogo, nikafurahi kama aliyefaulu mtihani. Kumbe ulikuwa mkojo tu.

Dhana: Uzito ukizidi wa jana kwa kilo moja, umenenepa.

Hii ndiyo inayowaharibia watu siku kabla hata hawajavaa. Mizani hupima kila kilichosimama juu yake: mifupa, damu, maji, chakula kilichomo tumboni. Jaribu mwenyewe. Jipime, kunywa nusu lita ya maji, jipime tena papo hapo. Umeongezeka nusu kilo, na maji hayanenepeshi mtu. Mlo wa chumvi nyingi nao huyazuia maji mwilini, na wanawake wengi huongezeka siku chache kabla ya hedhi.

Halafu kuna wanga. Mwili huuweka akiba kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu moja huambatana na takribani gramu 3 za maji. Anayeacha wanga huona kilo zikiporomoka wiki ya kwanza, akashangilia. Sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji, na akirudia kula wanga yanarudi. Kupanda au kushuka kilo 1 hadi 2 ndani ya siku moja au mbili ni kawaida. Kilo nzima ya mafuta yahitaji ziada ya kalori kama 7,700. Kwa usiku mmoja? Ulikula nini hicho?

Dhana: Misuli ni mizito kuliko mafuta.

Kilo ni kilo. Ila misuli imeshikamana zaidi, hivyo huchukua nafasi ndogo. Ndiyo maana suruali huweza kulegea kiunoni na namba isisogee.

Dhana: BMI, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ndiyo hukumu ya afya yako.

Hesabu hiyo, kilo kugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ilitoka kwa Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika miaka ya 1830. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na nyota, si daktari, na alichokitafuta ni wastani wa watu wengi. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, kwa Ancel Keys wa Marekani. Haitofautishi misuli na mafuta, wala haijui mafuta yamekaa wapi, ilhali yale ya ndani ya tumbo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Sisemi haina kazi. Ni pa kuanzia. Lakini chukua tepu ya kupimia pia: kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, hilo nalo ni la kumweleza daktari.

Dhana: Ukijionea aibu ya kutosha, utapungua.

Mara nyingi huwa kinyume. Anayesimangwa kwa mwili wake hukimbilia chakula kujifariji na huona haya kufanya mazoezi mbele za watu. Kujisimanga mwenyewe kioo kikiwa mbele hakuna tofauti.

Dhana: Basi dawa ni kuitupa mizani.

Inategemea ni nani. Mgonjwa wa moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri huambiwa ajipime kila asubuhi, kwa sababu kuongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3 huweza kuwa dalili ya maji kujaa mwilini. Kupungua bila kukusudia nako kunataka daktari. Ila kama unajipima mara nne kwa siku, unaruka milo kwa ajili ya namba au unajitapisha, ifiche mizani na zungumza na mhudumu wa afya mapema.

Sisi wengine, mara moja kwa wiki yatosha: asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula, kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia. Yangu inakaa uvunguni, naitoa Jumamosi. Saa bado naivua. Mazoea hayo hayajaniisha.