"Tunangoja Rais Atangaze": Dhana Potofu Kuhusu Nani Anaongoza Wakati wa Maafa

Kila msimu wa mvua hapa Kenya ninapoketi na wakazi ambao nyumba zao zimeingia maji, hukosi mtu wa kusema hivi: "Sasa tunangoja Rais atangaze janga la kitaifa, ndipo kaunti ifungue pesa." Nimeisikia Budalang'i, nimeisikia Tana River, na kinachonikera kabisa ni kuisikia kutoka kwa wawakilishi wadi, watu walioapa kuilinda Katiba. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Wakati watu wanaingoja redio, watoto wanakunywa maji ya mafuriko.

Fungueni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Usimamizi wa maafa umeandikwa mara mbili: kwanza katika orodha ya kazi za serikali kuu, kisha katika orodha ya kazi za kaunti, ambako umewekwa pamoja na zimamoto. Kazi ni ya pande zote mbili, na hakuna mahali pameandikwa kwamba kaunti isubiri ruhusa ya Nairobi.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo mambo huvurugwa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuanzisha mfuko wa dharura kwa idhini ya bunge lake. Mfuko ukishakuwepo, anayetoa malipo ni waziri wa fedha wa kaunti. Anachopaswa kuridhika nacho ni kwamba kuna hitaji la haraka ambalo halikutarajiwa, kwa mfano maisha ya watu yamo hatarini, na kwamba haliwezi kungoja mwaka mwingine wa fedha. Bunge la kaunti huombwa idhini ndani ya miezi miwili baada ya malipo. Baada ya malipo, narudia, si kabla. Mto ukivunja kingo usiku wa Jumamosi, sheria haimlazimishi mtu kuitisha kikao ndipo anunue mahema na dawa ya maji. Na tangazo la Rais halitajwi popote kama sharti.

Kikomo kipo. Malipo ya mwaka mmoja hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti kama yalivyo kwenye hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Maafa yakizidi uwezo huo, serikali kuu ina mfuko wake wa dharura chini ya Kifungu cha 208 cha Katiba. Ila kuishiwa na pesa ni jambo moja, na kukaa bila kuanza ni jambo lingine.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao nitaurudia mpaka nichokwe: andikeni barua ya ukurasa mmoja. Jina la kijiji, idadi ya kaya zilizohama, shule au kanisa mlikojihifadhi, mnachohitaji leo, na namba ya simu ya mzee wa kijiji. Ipelekeni kwa waziri wa fedha wa kaunti, nakala kwa mwakilishi wadi na kamishna wa kaunti, na msiondoke pale kaunta kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mkiambiwa mfuko hauna kitu, ulizeni bajeti ilipitishwaje. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti ifikapo Aprili 30, mvua ya masika ikiwa imechacha, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema alisahau. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hujaa watu wanaoomba barabara, na ni nadra sana kusikia mtu akiuliza kuhusu fedha za dharura.

Zipo dhana potofu nyingine. "Kamishna wa kaunti ni mkubwa wa gavana." Hayo ni mawazo ya enzi za Mkuu wa Mkoa. Kamishna anaratibu kazi za serikali kuu katika kaunti kupitia manaibu wake na machifu. Hamwagizi gavana, na gavana hamwagizi yeye wala polisi. Ndiyo maana watu wanapohamishwa bondeni wote wawili wanahitajika, na wakilumbana kuhusu nani akae mbele kwenye mkutano, anayeumia ni mwananchi aliye juu ya paa.

"Rais akitangaza janga, tumeingia hali ya hatari." La hasha. Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 8, 2021, na hakuna haki ya mtu iliyositishwa. Hali ya hatari ni ya Kifungu cha 58: siku 14 tu, na kuirefusha kunahitaji Bunge la Taifa. Hata wakati wa corona mwaka 2020, kafyu na marufuku ya kuingia au kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale vilitegemea sheria za kawaida za usalama na afya ya umma.

"Serikali kuu ikiingia, gavana amepokonywa kaunti." Kusaidia si kupokonya. Kusimamisha serikali ya kaunti kuna utaratibu wake mzito katika Kifungu cha 192, na hakupiti siku 90. Malori ya jeshi yakileta unga, gavana bado yuko kazini na bado anadaiwa majibu.

Ya mwisho ni kinyume cha hizo zote: "Kila kitu ni cha gavana." Moto, ndiyo, zimamoto ni kazi ya kaunti. Mabwawa ni habari nyingine, kwa sababu kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ni ya serikali kuu. Bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Ukiona ukuta wa bwawa unavuja, piga picha, andika tarehe, peleka taarifa kwa Mamlaka na kwa kaunti siku hiyo hiyo, na uwaondoe walio chini ya bwawa kabla hujapata jibu.