Kuvua gayogayo usiku Texas: mambo ya kumuuliza kapteni kabla hujalipa

Ikiingia Septemba, Waswahili wenzangu wa Houston, Dallas na San Antonio huanza kunipigia simu, na swali lao ni lilelile: safari ya kuvua gayogayo, samaki bapa anayeitwa flounder kwa Kiingereza, ni dola ngapi? Nawajibu, ila natamani wangeanza na mengine. Mimi naongoza wavuvi katika ghuba za kati za pwani ya Texas, upande wa Rockport na Port Aransas, na ninavyoona, anayerudi nyumbani hana raha kwa kawaida hakuponzwa na bei. Aliponzwa na tarehe aliyochagua, au na kapteni asiyethubutu kumwambia mteja, "Leo hatutoki."

Nianze na samaki mwenyewe, maana maswali yote ya maana yanatokana na tabia zake.

Gayogayo wa huku, kwa jina la kitaalamu Paralichthys lethostigma, huanguliwa akiwa na jicho kila upande. Akiwa bado kijisamaki, jicho la kulia huhama taratibu hadi likakaa pamoja na la kushoto, na tangu hapo hulala ubavu chini ya maji maisha yake yote. Upande wa juu hubadilika rangi kufuata mchanga au tope alilolalia; upande wa chini ni mweupe. Hana tabia ya kufukuza windo mbali. Hujifukia, akabakiza macho, akangoja kamba au mkizi mdogo apite mbele ya mdomo wake. Usiku husogea kando kando ya ufuo, kwenye maji ambayo mara nyingi hayafiki magotini, na huko ndiko tunakomfuata kwa chusa.

Boti yenyewe ni bapa, ina taa kali za LED mbele, na kapteni huisukuma kwa feni kubwa iliyofungwa nyuma au kwa upondo. Wageni husimama mbele, chusa mkononi, wakitazama chini. Anayetafuta samaki mzima atapitwa na wengi. Tafuta ukingo wa mviringo mchangani, macho mawili yaliyochomoza, au mkia uliojitokeza kidogo. Mara nyingine utaona alama ya umbo lake tu: alilala hapo, ameondoka. Hiyo nayo ni habari njema, kwa kuwa ufuo aliolalia mmoja huwa una wengine.

Waliokulia Kigoma, Kalemie au Uvira wanaujua uvuvi wa taa kuliko mimi mtoto wa Pangani. Lakini kule ziwani taa humwita dagaa aje juu. Huku taa haimwiti gayogayo, inamfichua tu pale alipolala. Kwa hiyo maji yakishachafuka, hata ukiwasha taa za uwanja wa mpira huoni kitu. Usiku mzuri ni ule ambao maji yako wazi, na kinachoyachafua maji haya kuliko kitu chochote ni upepo.

Hapa watu wetu wa pwani hujichanganya. Ukizoea Mombasa, Tanga au Unguja, unaangalia mwezi, unahesabu bamvua na maji mafu, unajua bahari itatoka saa ngapi. Kule maji ya bamvua hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Pwani ya Texas tofauti ya kupwa na kujaa mara nyingi haifiki hata mita moja, na ndani ya ghuba hupungua zaidi. Ghuba zenyewe ni za kina kifupi mno; Laguna Madre, iliyo kusini yetu, wastani wa kina chake ni karibu mita moja tu. Katika maji ya namna hiyo upepo una nguvu kuliko mwezi. Upepo wa kusini mashariki ukivuma siku mbili mfululizo huyajaza maji ghubani. Baridi ikishuka kutoka kaskazini, kuanzia mwisho wa Septemba na kuendelea, upepo wake huyasukuma maji nje hadi sehemu nilizopita na boti juzi zinabaki tope tupu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kapteni lingekuwa hili: upepo ukifika kiasi gani unaahirisha safari? Mwenye uzoefu atakujibu papo hapo. Wengi wetu ukishapita maili 15 kwa saa tunaanza kutafuta ufuo uliokingwa, na usipopatikana tunampigia mteja simu mapema, kabla hajatoka nyumbani. Anayekwambia kwamba yeye hutoka siku zote, upepo uwe wowote, amekwambia kwamba pesa yako ameshaihesabu. Mwulize pia amana inakuwaje: akiahirisha yeye kwa sababu ya hali ya hewa, unarudishiwa au unapewa usiku mwingine? Ukiahirisha wewe, je? Majibu haya yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu. Nimewasikia ndugu zetu waliopelekwa kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, wakazungushwa kwa muda wa saa nne bila kuona hata mkia, kisha wakadaiwa malipo kamili. Hawakuwa na pa kushika, kwa sababu hawakuuliza mwanzoni.

Sasa tarehe. Hili ndilo ninalolijali kuliko yote, na naomba msomaji avumilie kidogo.

Majira ya vuli, maji yanapoanza kupoa, gayogayo wakubwa hutoka ghubani kupitia milango ya bahari na kwenda Ghuba ya Meksiko kutaga. Milango hiyo ni michache na myembamba. Samaki waliokuwa wametawanyika ghuba nzima hujikuta wamebanana sehemu chache, na zamani Novemba ilikuwa sikukuu ya wavuvi. Ilikuwa pia ndiyo hatari ya samaki hao. Idara ya mbuga na wanyamapori ya jimbo, Texas Parks and Wildlife, imekuwa ikiona idadi yao ikishuka kwa miongo kadhaa. Mwaka 2009 kiwango cha kila mvuvi kilipunguzwa kutoka samaki 10 hadi 5 kwa siku. Mwaka 2020 urefu wa chini wa samaki wa kuchukua ulipandishwa kutoka inchi 14 hadi 15, yaani kama sentimita 38. Na tangu 2021, kuanzia Novemba 1 hadi Desemba 14 hakuna kuchukua gayogayo kabisa, kwa chusa wala kwa ndoano.

Wateja wengine hulalamika: mbona mnafunga wakati samaki ndio wengi? Nawaeleza kitu kimoja ambacho hubadilisha nyuso zao. Madume wa gayogayo hawa ni wadogo. Ni nadra dume kufika inchi 15. Maana yake karibu kila samaki halali utakayemtoa ni jike, na majike hao ndio wanaoelekea kutaga. Zaidi ya hapo, jinsia ya samaki huyu haiamuliwi na damu peke yake. Kijisamaki aliyepangiwa kuwa jike, akikulia kwenye maji ya joto kupita kiasi, anaweza kugeuka dume. Watafiti wa North Carolina wamelionyesha jambo hilo kwenye matangi na pia kwenye maji ya asili. Miaka inavyozidi kuwa na joto, majike yanapungua kabla hata mvuvi hajashika chusa. Mimi nalipwa kwa kuvua samaki hawa, na bado nasema wiki sita za kufungwa ni haki yao.

Ukitaka usiku wenye samaki, basi, weka nafasi Septemba au Oktoba. Oktoba ndiyo mwezi wangu: maji yameanza kupoa, samaki wamenona, na wameanza kusogea kuelekea milangoni. Ila wikiendi zake hujaa mapema sana, kwa hiyo piga simu kiangazi, na kama kazi yako inaruhusu, chagua Jumanne au Jumatano. Kiangazi chenyewe si kibaya, samaki wapo, joto tu na mbu. Baada ya Desemba 14 ruhusa inarudi lakini wakubwa wengi wako nje baharini, na hawaanzi kurejea kwa wingi hadi majira ya kuchipua. Kapteni anayekuuzia Januari kwa picha za Oktoba hakutendei haki. Usiku usio na mwezi wengi tunaupenda, lakini kati ya giza lenye upepo na mbalamwezi iliyotulia, chukua mbalamwezi.

Majimbo mengine yana kalenda zao. Louisiana, kwa mfano, hufunga tangu katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba. Usibebe sheria ya Texas ukavuka nayo mpaka, na kabla ya kusafiri fungua ukurasa wa idara ya jimbo husika, maana sheria hizi hubadilishwa.

Kuhusu karatasi nitapita haraka. Kila mwenye miaka 17 na kuendelea anahitaji leseni ya uvuvi inayoruhusu maji ya chumvi, na iko ya siku moja kwa anayetaka kujaribu tu. Hununuliwa mtandaoni, si kazi ya kapteni kukununulia, na mwisho wa siku askari wa wanyamapori atakuuliza wewe. Kapteni naye awe na leseni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, na leseni ya jimbo ya kuongoza wavuvi. Leseni ya kawaida ya boti ndogo humruhusu kubeba abiria wanaolipa wasiozidi sita. Muombe akuonyeshe. Mwenye nazo hachukii kuulizwa.

Kuna hesabu moja ambayo hukorofisha watu. Kiwango cha kikundi ni samaki watano mara idadi ya wageni wenye haki ya kuvua. Kapteni na msaidizi wake hawahesabiwi. Mkiwa watatu, mwisho wenu ni 15, hata kama botini mko watano. Ukimsikia mtu anakuahidi na samaki wa fungu lake, achana naye, kwa sababu anakuingiza kwenye kosa.

Na sasa chusa. Samaki wa ndoano ukimwona mfupi unamrudisha majini akaenda zake. Wa chusa harudi. Kwa hiyo kipimo kinafanyika kwa jicho, kabla ya kuchoma, na hapo ndipo thamani ya kapteni inapoonekana. Mwulize anapimaje. Wengine huweka alama ya inchi 15 kwenye mti wa chusa, wakaushusha taratibu karibu na samaki wakalinganisha. Mimi nikisita namwacha, hata mgeni akinuna. Samaki wengine wanaothaminiwa sana hapa sheria inaruhusu kuwavua kwa ndoano na mshipi tu; watakuja chini ya taa zako, watazame wapite.

Kama roho yako haipendi chusa, au unakuja na watoto, omba safari ya mchana ya ndoano. Unatafuta mdomo wa kijito kinachomwaga maji ghubani wakati yanapotoka, unaburuta chambo chini kabisa, mkizi mdogo aliye hai au cha plastiki laini, polepole hadi unahisi mchanga. Gayogayo akikamata usikurupuke kuvuta. Hushika kwanza, akameza baadaye. Mpe nafasi, kaza mshipi, ndipo uinue. Wavu uwe tayari, kwa maana wengi hupotea ukingoni mwa boti. Mtoto wa chini ya miaka 13 sheria inataka avae jaketi la kuokoa maisha wakati boti ndogo inatembea, na saizi ya mtoto haipo kila boti, kwa hiyo sema mapema kwamba yupo.

Bei sasa, maana ndilo swali lenu la kwanza. Mara nyingi inatajwa kwa boti nzima na idadi fulani ya watu, ikifika mamia kadhaa ya dola, na kila anayeongezeka huongezewa. Uliza kama kusafisha samaki kumo. Bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 ni desturi hapa, na msaidizi wa boti anaitegemea.

Vaa viatu vilivyofungwa, njoo na dawa ya mbu, na vizibo vya masikio kama boti ni ya feni. Mkipewa nafasi ya kushuka kutembea majini, buruta miguu badala ya kukanyaga, ili nyenga aliyejifukia asikie na aondoke kabla hujamkanyaga mwiba wake. Na mwenye kidonda kibichi asishuke. Maji ya joto ya Ghuba ya Meksiko yana bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, huingia kwenye kidonda na anaweza kuua kwa siku chache. Mwenye ugonjwa wa ini au kisukari awe makini maradufu, na akiona uvimbe na maumivu makali baada ya safari aende hospitali saa hiyohiyo, aseme alikuwa baharini.

La mwisho ni la jikoni. Kichwa na mkia lazima vibaki hadi samaki afikishwe nchi kavu, lakini mkishafika gatini desturi ya makapteni wengi ni kutoa minofu minne na kutupa yaliyobaki. Wanadhani wanakufanyia hisani. Kwa mtu anayetaka samaki wa kupaka, aliyechanjwa mzima akachomwa na tui zito, au kichwa cha mchuzi, hiyo ni hasara kubwa. Mwambie kabla hajashika kisu: atoe matumbo na magamba tu, samaki wabaki wazima, na barafu iwe ya kutosha hadi Houston.