Dawa nne, kundi moja la kulinganishia

Juzi tulikuwa barazani Wete, tunasubiri mvua ipite, muuguzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, dawa nne mkizijaribu kwa pamoja, mtajuaje ipi iliyoponya?" Nikageuza bahasha nikaanza kuhesabu.

Tuseme kila dawa inataka wagonjwa 200, na wengine 200 wa matibabu ya kawaida wa kulinganishwa nao. Majaribio manne mbalimbali yatakula watu 1,600. Katika jaribio la jukwaa, dawa zote nne zinatumia kundi moja la kulinganishia: 800 wa dawa na 200 wa kulinganishwa nao, basi 1,000. (Kwa kawaida sisi wa takwimu hulikuza kundi hilo, tuseme lifike 400, maana dawa zote zinaliegemea. Hata hivyo ni 1,200.) Kwetu Pemba, ambako kabla ya kugonga mlango wa mtu unapita kwanza kwa sheha, kupunguza watu 400 si jambo dogo.

Jambo la pili ni kwamba jukwaa halifungwi. Dawa iliyoshindwa inatoka, nyingine inaingia, itifaki kuu, yaani maandishi ya taratibu za jaribio zima, ikabaki ile ile na wauguzi wale wale. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilianza Machi 2020. Mwanzoni mwa Juni haidroksiklorokwini ilishatolewa kwa kutosaidia, na siku chache baadaye ikajulikana kuwa deksamethasoni, dawa rahisi ya siku nyingi, inapunguza vifo kwa kama theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 walio kwenye mashine ya kupumulia. Jukwaa likaendelea na dawa nyingine.

Wengi wakisikia "jaribio linalobadilika" hudhani tunabadilisha tunavyopenda. Hapo huwa mkali. Data ikichunguliwa mara tano kabla na hadi mwisho wa jaribio, kila mara kwa kipimo kile kile cha asilimia 5 (yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa 100), uwezekano wa dawa isiyo na lolote kuonekana inafaa hupanda hadi kama asilimia 14. Ujanani niliwahi kuchungulia, nikafurahi, nikaanza hata kuandika ripoti; mwisho wa kazi tofauti yote ikayeyuka. Kwa hiyo masharti ya kusitisha huandikwa kabla mgonjwa wa kwanza hajasajiliwa, nayo huwa magumu zaidi mwanzoni. Tunayajaribu kwenye kompyuta mara maelfu kwa wagonjwa wa kubuni. Anayechungulia ni kamati huru. Sisi hatuoni kitu.

Muuguzi akaivuta bahasha. "Na dawa ya tano ikija wakati wa vuli? Wanaokuja na kuhara masika si hawa wa vuli."

Swali hilo wanafunzi wangu wa shahada huchukua muhula mzima kulifikia. Dawa ya tano hulinganishwa na wale tu wa matibabu ya kawaida walioingia tangu siku ilipoanza yenyewe, ambao kura, ile inayoamua nani apate dawa ipi, ingeweza kuwaangukia waipate. Wa masika wanabaki na dawa zao za masika.

"Basi 1,200 yako haitoshi," akasema.

Haitoshi kweli. Nikaikata, nikaanza upya.