Jina halionekani kwenye skrini ya Linux: yanayosemwa na yaliyo kweli

Unawasha kompyuta yenye Ubuntu, unangoja majina yatokee, na la kwako halimo. Pengine wenzako mnaotumia nao mashine hiyo wapo wote na wewe peke yako ndiye hupo. Pengine hakuna jina hata moja, ni kisanduku kitupu kinachokutaka uandike. Hapo ushauri huanza kumiminika, na mwingi wake una hatari kuliko tatizo lenyewe, kwa sababu huishia kwenye kauli ileile ya fundi: "Bosi, hapa tupige upya tu."

Kabla hajachomeka flashi, mwambie asubiri. Skrini ya kuingilia haihifadhi akaunti za watu. Daftari la akaunti ni faili la `/etc/passwd`, na kati ya daftari hilo na skrini zipo programu zinazochuja: nani aonyeshwe, nani aachwe. Jina linapokosekana, swali la kwanza ni nani kalichuja, na kwa kigezo gani.

"Halionekani, basi akaunti imefutika na mafaili yameenda nayo"

Dhana hii ndiyo inayowatia watu hofu zaidi, na ndiyo rahisi kuliko zote kuipima. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Itafunguka skrini nyeusi ya maandishi. Andika jina lako la kuingilia, kisha nywila. Skrini hii haina orodha ya kuchuja, kwa hiyo ukikubaliwa hapa, akaunti yako ni nzima na unachotafuta ni mchujo tu. Ukikataliwa, mwombe mwenzako mwenye uwezo wa kutumia sudo, yaani kutoa amri kama msimamizi, aingie, aandike (neema ni mfano tu, weka jina lako la kuingilia):

`getent passwd neema`

Akipata mstari wa namna hii, akaunti ipo:

`neema:x:1001:1001:Mhasibu:/home/neema:/bin/bash`

Mstari huo una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta pacha: jina la kuingilia, alama ya kuonyesha kwamba nywila imehifadhiwa kwingine, namba ya mtumiaji, namba ya kikundi, jina kamili, folda ya nyumbani, na mwishoni sheli, yaani programu inayopokea amri zako. Nitairudia namba na sheli huko chini, kwani ndizo chanzo cha visa vingi. Ila litazame pia hilo jina kamili. Orodha ya skrini huonyesha jina kamili pale lilipojazwa, kwa hiyo wapo wanaotafuta "neema" na kuapa kwamba halipo, huku "Mhasibu" likiwa mbele ya macho yao.

Na kama `getent` haikuleta kitu? Hata hapo usilie kwanza. Kufuta akaunti hakufuti folda ya nyumbani mpaka aliyefuta aombe hivyo waziwazi, kwa mfano kwa `userdel -r`. Andika `ls -ln /home` na utaona folda pamoja na namba ya mwenyewe. Kama ni 1001, rudisha akaunti kwa namba hiyohiyo:

`sudo useradd -u 1001 -d /home/neema -s /bin/bash neema`
`sudo passwd neema`

Namba ndiyo mwenye mali. Linux haiandiki kwenye diski kwamba faili ni la Neema, huandika kwamba ni la 1001. Ukiiunda akaunti upya kwa namba nyingine, Neema ataingia na kujikuta mgeni kwenye folda yake mwenyewe. Kumbuka pia kumrudisha kwenye vikundi alivyokuwamo, kama `sudo` kwa aliyekuwa msimamizi, maana uanachama huo hurudi kwa mkono tu.

"Nimeshaunda akaunti, lazima ionekane"

Si lazima. Hapa ndipo wengi hukwama, hasa wanaonakili amri bila kujua kila herufi inafanya nini.

Tuanze na nywila. Ukiunda mtu kwa `useradd` na kuishia hapo, kwenye `/etc/shadow` nafasi ya nywila yake hujazwa alama ya mshangao. Kwa mfumo, alama hiyo maana yake akaunti imefungwa, na GDM, programu ya kuingilia inayokuja na dawati la GNOME (dawati ni mazingira ya madirisha na menyu), haionyeshi akaunti zilizofungwa. Mtu yupo, namba anayo, folda pengine anayo, lakini skrini inampita. Kagua hivi:

`sudo passwd -S neema`

Kwenye Debian, mfumo ambao Ubuntu umejengwa juu yake, na kwenye Ubuntu wenyewe, herufi inayofuata jina ikiwa `L`, imefungwa; ikiwa `P`, nywila ipo na inatumika. Dawa ni kuweka nywila kwa `sudo passwd neema`. Hali hiyohiyo humpata mtu aliyefungiwa kwa `usermod -L` siku akiwa likizo, kisha aliyefunga akasahau. Kwa watumiaji wa Debian na jamaa zake, mimi husema tumieni `adduser`. Inauliza nywila palepale na kuunda folda ya nyumbani bila kukumbushwa. `useradd` ni chombo cha wanaoandika hati za amri, na kwenye Debian haiundi folda hadi uiongezee `-m`.

Halafu namba. Akaunti za watu huanzia 1000. Zilizo chini ya hapo huhesabiwa kuwa za mfumo: za printa, za hifadhidata, za huduma zinazojiendesha. Aliyenakili `useradd -r` kutoka mahali fulani amemwingiza ndugu yake kwenye kundi la mashine, na skrini haitamtaja. Mpaka huu haukuwa hapo siku zote. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, ilikuwa ikianzia 500 mpaka toleo la 16 la mwaka 2011 lilipouhamishia 1000, na Red Hat Enterprise Linux ikafuata kwa toleo la 7 mwaka 2014. Kwa hiyo ofisi iliyobeba akaunti zake kutoka seva ya zamani inaweza kuwa na wafanyakazi wenye namba 501, 502 na kuendelea, wanaoingia vizuri kwenye skrini nyeusi na hawaonekani kwenye ile ya picha.

Wengine hushauri kubadilisha `UID_MIN` ndani ya `/etc/login.defs`. Mstari huo huongoza akaunti zitakazoundwa baadaye, na hauna uhakika wa kuigusa orodha, kwa sababu mpaka wa 1000 kwa kawaida umejengwa ndani ya programu inayochuja. Afadhali umbadilishie mtu namba, akiwa ametoka kabisa kwenye mashine:

`sudo usermod -u 1005 neema`

Amri hii itarekebisha umiliki wa mafaili yaliyo ndani ya folda yake ya nyumbani. Aliyoyaweka nje ya hapo, kwenye diski ya pili tuseme, utayarekebisha mwenyewe kwa `chown`.

La tatu ni sheli. Mwenye `/usr/sbin/nologin` au `/bin/false` huachwa, na hilo linaeleweka. Lisilotarajiwa ni kwamba sheli nzuri kabisa isiyotajwa ndani ya `/etc/shells` nayo inaweza kumwondoa mtu kwenye orodha. Kijana anajitengenezea zsh, sheli nyingine, mwenyewe, inakaa `/usr/local/bin/zsh`, anaiwekea akaunti yake kwa `usermod -s` ambayo haimkatalii, na kesho yake jina halipo. Aongeze njia hiyo kwenye `/etc/shells`, au arudi `/bin/bash`.

"Kila kitu ni sawa lakini bado halionekani, hii ni virusi"

Hapana. Umeshakagua namba, sheli na nywila, vyote sawa? Fungua faili hili:

`sudo cat /var/lib/AccountsService/users/neema`

AccountsService ni huduma inayoiambia GDM nani waonyeshwe, na LightDM, programu nyingine ya kuingilia, nayo huitumia inapoikuta. Ukiona mstari `SystemAccount=true`, umempata mchujaji. Mtu alitaka kuificha akaunti hiyo, na njia hii hufanya kazi vizuri mno. Igeuze iwe `false`, kisha:

`sudo systemctl restart accounts-daemon`

Wapo wanaoogopa kuligusa faili hilo wakidhani ndilo akaunti yenyewe. Linabeba mambo madogo kama picha ya mtumiaji, lugha yake, na aina ya dawati analopenda.

Huduma hiyo ikishindwa kuamka, mambo huwa makubwa zaidi. Kwenye mifumo kama Fedora, GDM ikiambiwa hakuna mtu hata mmoja, inaweza kufungua ukurasa wa kukaribisha mgeni mpya, wenye kuchagua lugha na kuunda akaunti ya kwanza. Hapo ndipo mtu huamini kabisa kwamba kompyuta imefutwa. Usijaze chochote. Nenda Ctrl+Alt+F3, andika `systemctl status accounts-daemon`, usome inalalamikia nini, na uangalie kwa `df -h` kama diski imejaa.

"Orodha nzima imepotea, mfumo umeharibika"

Huenda umepangwa hivyo. Debian yenye dawati la Xfce hutumia LightDM, na kwa chaguo-msingi la Debian orodha imefichwa. Unaandika jina mwenyewe. Ukitaka majina yaonekane, fungua `/etc/lightdm/lightdm.conf`, na chini ya `[Seat:*]` uweke:

`greeter-hide-users=false`

Kwenye Linux Mint, ambayo nayo hutumia LightDM, mpangilio huo una ukurasa wake kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia, na mara nyingine mtu ameubonyeza bila kujua.

Kwa GDM mstari wa kutafuta ni `disable-user-list=true` chini ya `[org/gnome/login-screen]`. Debian na Ubuntu huuweka katika `/etc/gdm3/greeter.dconf-defaults`, Fedora na Red Hat hutumia folda ya `/etc/dconf/db/gdm.d/`, na huko mabadiliko hayasomwi mpaka uandike `sudo dconf update`. Ushauri wa kutumia `gsettings` ukiwa ndani ya akaunti yako umesambaa sana na haufanyi kitu, kwa kuwa skrini ya kuingilia huendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe aitwaye gdm, asiyesoma mapendeleo yako.

Wenye dawati la KDE, ambalo kwa kawaida hutumia programu ya kuingilia ya SDDM, watazame `/etc/sddm.conf` na folda ya `/etc/sddm.conf.d/`, sehemu ya `[Users]`: `MinimumUid`, `HideUsers`, `HideShells`. Majina yanajieleza. Na kama hujui unatumia ipi kati ya hizo, `systemctl status display-manager` itakuambia.

"Mtu wa kwenye seva ya ofisi lazima aonekane kama wengine"

Akaunti zinazotoka kwenye LDAP au Active Directory (daftari la akaunti lililo kwenye seva ya ofisi) kupitia SSSD (huduma inayoiunganisha mashine na daftari hilo) hazimo kwenye `/etc/passwd`, na SSSD kwa chaguo-msingi haitoi orodha ya watu wote, na ni vizuri hivyo, maana shirika linaweza kuwa na maelfu. Mwambie mfanyakazi abonyeze "Not listed?" na kuandika jina lake. Akishaingia mara ya kwanza, kwa kawaida mashine itamkumbuka na jina litakuwa linaonekana.

"Toa ruhusa zote kwa /etc/passwd"

Tafadhali usifanye hivyo. Ruhusa sahihi ni 644 (mmiliki huandika, wengine husoma tu), mmiliki akiwa root, mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote. Ukiliweka 777, yeyote aliyeingia kwenye mashine anaweza kujiandikia namba 0 na kuwa root. Kosa la upande wa pili lipo pia: faili likifungwa hadi 600, bash ya mtumiaji wa kawaida itajitambulisha kwa maneno "I have no name!", ambayo yanachekesha mpaka yatokee kwenye mashine yako.

"Root haonekani, basi Linux yangu haina msimamizi"

Root huachwa nje ya orodha kwa makusudi. Kwenye Ubuntu hata nywila yake imefungwa tangu mwanzo. Msimamizi ni yule aliyesakinisha mfumo, kwa kutumia sudo.

"Nikificha majina, kompyuta imelindwa"

Hapa kuna ukweli nusu. Miongozo ya usalama ya shirika la CIS (Center for Internet Security) inapendekeza kuzima orodha ya GDM, na kwa kompyuta iliyo kaunta, mbele ya wateja, mimi nakubaliana nayo: hakuna haja ya mpita njia kujua majina ya wafanyakazi. Lakini mwenye flashi na dakika chache peke yake na mashine ataiwasha kwa mfumo mwingine na kusoma diski nzima, majina yakiwemo. Kinachomzuia ni diski iliyosimbwa kwa LUKS, yaani isiyosomeka bila nywila yake. Na kwenye kompyuta ya familia au ya darasa la watoto, kuficha majina kunaleta usumbufu wa kila asubuhi kwa faida ndogo sana.

"Ukimaliza kurekebisha, anzisha upya tu ile programu ya kuingilia"

Amri ni `sudo systemctl restart display-manager`, na inafanya kazi. Ila inazima madawati yote yaliyofunguliwa kwenye mashine hiyo, la kwako na la aliyefunga skrini akaenda kula, pamoja na barua aliyokuwa hajaihifadhi. Andika `who` kwanza uone nani yumo. Kama ulichogusa ni AccountsService pekee, anzisha upya `accounts-daemon`. Yeye hamfungii mtu dawati.